Asilimia Mia ya Nini?

Fundi wa kompyuta katika mji kama Sikonge, mkoani Tabora, hana wa kumsukumia lawama. Ofisi ya chama cha msingi cha tumbaku ikidai mashine imekwama, au zahanati ikisema mfumo wa wagonjwa unajikokota, ni yeye anayefungua dirisha la takwimu na kutoa hukumu. Tatizo ni kwamba takwimu zenyewe huonekana kugombana. Linux inasema programu moja inatumia asilimia 340 ya prosesa. Windows kwenye meza ya pili inasema asilimia 25, na imeganda hapo tangu asubuhi. Watumiaji wa mashine zote mbili wanalia kilio kimoja. Wengi huamua kwamba kipimo kimeharibika, wanafuta mfumo endeshi na kuusimika upya, na siku inakwisha.

Mara nyingi kipimo kiko sawa. Ambacho hakijaulizwa ni hiki: asilimia ya nini, na ya muda gani?

Wachukue wapagazi wanane wa Kinyamwezi, wa zama za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora. Mmoja kajitwisha mzigo kamili wa frasila mbili, saba wanatembea mikono mitupu. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, anayempima mpagazi atasema kafika asilimia 100. Anayeupima msafara atasema 12.5. Programu ya top kwenye Linux humpima mpagazi, yaani kiini kimoja, kwa hiyo kazi iliyosambaa kwenye viini vinne yaweza kusomeka hadi 400. Task Manager ya Windows hupima msafara, yaani prosesa nzima. Kwenye prosesa yenye viini vinne vya kawaida, programu inayojua kutumia kiini kimoja tu itakwama karibu na 25, hata ikihenyeka vipi.

Hiyo 25 ndiyo inayowaponza watu. Mteja anaona prosesa ina nafasi tele, fundi anamshauri aongeze kumbukumbu au anunue mashine yenye viini vinane. Ananunua, na programu ileile sasa inasoma 12.5 huku ikichelewa vilevile. Kabla ya kutoa ushauri wa gharama kama huo, tazama kila kiini peke yake. Kwenye top bonyeza 1; Task Manager inayo michoro ya kila kiini ukiichagua. Kimoja kikiwa kimejaa na vingine vimelala, umempata mgonjwa. Ukitaka top nayo ihesabu kwa msafara, bonyeza herufi I kubwa.

Kuhusu muda, kerneli ya Linux huweka kwenye faili la /proc/stat jumla ya muda ambao kila kiini kimefanya kazi au kukaa bure tangu mashine ilipowashwa. Asilimia hupatikana kwa kutoa usomaji wa awali kwenye usomaji wa sasa, kisha kugawanya tofauti hiyo kwa muda uliopita kati yake. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa vmstat, usio na usomaji wa awali, ni wastani wa tangu kuwashwa, na mpstat isiyopewa kipindi hutoa wastani huohuo. Seva iliyolala usiku wote itaonekana imetulia hata kama dakika hii inaungua. Andika mpstat -P ALL 2 5, upate vipimo vitano vya sekunde mbili mbili kwa kila kiini.

Mashine pepe ina lake: safu ya st kwenye top ni muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi, lakini mwenye seva alikuwa amewapa wengine prosesa. Ikipanda, usihangaike na programu zako. Piga simu kwa aliyekukodishia.

Zipo namba ambazo kweli si za kuaminika, na ni haki kuzitaja. Ya kwanza ni iowait, muda wa kungoja diski. Kazi inayongoja diski haipo kwenye kiini chochote, kwa hiyo kuuandika muda huo kwa kiini fulani ni kukisia. Nyaraka za kerneli zenyewe zinaonya hivyo, na jumla yake yaweza hata kurudi nyuma. Ya pili hutokana na kuhesabu kwa mapigo ya saa, kwa kawaida 100, 250 au 1000 kwa sekunde. Programu inayoamka baada ya pigo na kulala kabla ya linalofuata hupita bila kuonekana, hata ikiwa imekula sehemu kubwa ya muda.

Ukibaki na shaka, ipe mashine mzigo unaoujua. Kwenye Linux amri ya yes > /dev/null hujaza kiini kimoja. Kwenye mashine tulivu ya viini vinne, utegemee 100 kwa programu hiyo na takriban 75 za kukaa bure kwa ujumla. Washa nne, na nafasi iliyobaki iwe karibu na sifuri. Hapo kama namba hazikubaliani, una haki ya kukilaumu kipimo.

Mwezi wa Oktoba, joto la Tabora likifika kileleni kabla ya mvua, angalia pia megahezi. Prosesa iliyopata moto hupunguza kasi ili isiungue. Asilimia 100 ya megahezi 1200 ni kazi ndogo kuliko 50 ya megahezi 3000, na feni iliyojaa vumbi haina safu yake kwenye top.