Rubani Anapovaa Sare ya Polisi

Mkulima wa Rangwe asikiapo mvumo wa ndege ielekeayo kiwanja cha Kabunde, karibu na Homa Bay, huacha jembe kidogo na kuinua macho. Mwenzake wa Suna hufanya vivyo hivyo ndege inaposhuka katika kiwanja cha Lichota, Migori. Na kama ana kijana shuleni, hapana shaka hujisemea moyoni: "Laiti mwanangu ndiye angekuwa ameketi pale mbele!"

Basi na afikirie mzazi huyo kwamba haja yake imetimia. Kijana amesoma, amekuwa rubani wa shirika la ndege, na mshahara wake umejenga nyumba ya mabati na kuwasomesha wadogo zake. Kisha siku moja yaja habari: "Baba, nimekusudia kuacha kazi hii niingie katika Polisi." Je, baba atasema mwanawe amerogwa, au atamsikiliza? Yafaa tuzipime kazi hizi mbili kwa mizani ya haki kabla ya kutoa hukumu.

Urubani wa abiria si kazi ya jana katika nchi zetu. Shirika la East African Airways lilianza kurusha ndege mwaka 1946, na lilipovunjika, Kenya ilianzisha shirika lake, Kenya Airways, mwaka 1977. Mtu hawi rubani kwa kutamani tu. Kwa kawaida yampasa awe amekwisha ruka saa 200 hivi ndipo apewe leseni ya kulipwa kwa kazi hiyo, na ili apate leseni ya juu kabisa, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria, yampasa atimize saa 1,500. Elimu hiyo hugharimu fedha nyingi mno, na wako wazazi waliouza mashamba kwa ajili yake. Akiisha kuajiriwa, rubani hufanya kazi kwa ratiba: ajua ataondoka saa ngapi na atalala mji gani, na ndege yake hutengenezwa na mafundi kwa siku zilizowekwa.

Lakini tusidhani kwamba kazi yenye mshahara mnono haiwezi kutetereka. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani kote, marubani wengi waliachishwa kazi au kupunguziwa mishahara. Watu waliozoea kuvuka bahari kwa usiku mmoja walijikuta wameketi nyumbani, na wengine wakaingia katika kazi ambazo hawakuziota kamwe. Kwa hiyo kijana anayewaza kuhama si lazima awe mpumbavu.

Sasa tuitazame Polisi. Wengi hawajui kwamba Polisi ya Kenya ina ndege zake na marubani wake. Kikosi cha Ndege cha Polisi kilianzishwa mwaka 1949, kazi yake ikiwa kupeleka habari na kuwachukua wagonjwa waliokuwa mbali na hospitali. Makao yake yako katika kiwanja cha Wilson, Nairobi. Rubani wa kikosi hiki ni askari kama askari wengine: ana cheo, ana mkubwa wake, naye hupiga saluti. Huenda akatumwa kutafuta mifugo iliyoibwa, kuwachukua maafisa wa Serikali, au kuwafikia watu waliozungukwa na maji, kama yale yanayowapata ndugu zetu wa Nyatike mto Kuja unapofurika. Hana ratiba iliyobandikwa ukutani. Simu hulia, naye huondoka. Pengine hushuka mahali pasipo na kiwanja, katika uwanja wa mpira wa shule, watoto wakikimbia huku na huku kwa furaha.

Mtu aliyekuwa akiitwa Kapteni katika shirika kubwa hana budi kujua kwamba akihama atapungukiwa na fedha, na huenda akaamriwa na mtu mdogo kwake kwa umri. Mwenye kujivuna hawezi maisha hayo. Lakini yuko mtu ambaye moyo wake hauridhiki kumpeleka mwenye nauli mahali aendapo, ila hutaka kumfikia yule asiye na nauli wala njia. Mtu wa namna hiyo tusimcheke.

Hata hivyo, liko jambo moja zito kuliko mshahara na cheo, nasi watu wa Homa Bay na Migori tuna sababu ya kulijua kuliko wengine.

Jumapili, tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya Polisi iliondoka Wilson asubuhi kuelekea Ndhiwa, ambako watu walikuwa na harambee ya kanisa. Ndani yake walikuwamo Profesa George Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani, na msaidizi wake, Joshua Orwa Ojode, aliyekuwa Mbunge wa Ndhiwa. Walikuwamo pia walinzi wawili, na marubani wawili, Nancy Gituanja na Luke Oyugi, wote wawili maafisa wa Polisi. Dakika chache baada ya kuruka, helikopta ile ilianguka Kibiku, katika msitu wa Ngong, ikawaka moto. Watu wote sita walikufa. Ndhiwa walikuwa wakingoja wageni, wakaletewa msiba. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Kalpana Rawal.

Sisi hatuandiki haya ili kumlaumu mtu, wala hatusemi kwamba mtu fulani alilazimishwa kuruka siku ile. Twayataja kwa sababu yanatuonyesha ugumu wa safari yenyewe. Atokaye Wilson kuja kwetu hukutana mara na vilima vya Ngong, na katika miezi ya Juni na Julai mawingu hulala chini huko asubuhi. Kisha huvuka Bonde la Ufa, hupanda Mau, hupita milima ya Kisii, ndipo huteremka ziwani, ambako mvua ya radi hutokea kwa ghafula. Njia hiyo haitambui waziri wala mchuuzi wa samaki.

Mkataba wa mataifa uliofanywa Chicago mwaka 1944 ndio msingi wa sheria za safari za anga, na kanuni zilizotokana nao zasema kwamba rubani mkuu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya chombo chake. Katika shirika la ndege, kauli hiyo ni nyepesi kutamkwa. Abiria wakinung'unika, hawawezi kumfanya lolote. Lakini rubani aliye askari huenda akamchukua mkubwa ambaye neno lake laweza kumpandisha cheo au kumhamisha. Amefundishwa kutii tangu siku ya kwanza ya gwaride. Akitazama mawingu na kuona hayafai, yampasa amgeukie mkubwa huyo na kusema kwa adabu: "Afande, leo haturuki." Neno hilo dogo lahitaji ushujaa kuliko kumkabili mwizi mwenye panga.

Kwa hiyo rubani anayeacha shirika na kuingia Polisi aweza kuuacha mshahara, na aweza kuiacha ratiba. Kitu kimoja asikiache: ile desturi aliyofundishwa ya kukataa kuruka hali isipofaa. Akiingia nayo, ameiletea Polisi mali kubwa. Akiiacha mlangoni, afadhali angebaki alikokuwa.

Ewe mzazi, mwanao akija na habari kama ile, usianze kwa kumwuliza atapungukiwa shilingi ngapi. Mwulize maswali mawili: "Je, waweza kumtii aliye juu yako? Na je, waweza kumkatalia siku ambayo kutii ni kufa?" Akijibu ndiyo kwa yote mawili, mpe baraka zako.

Nasi tulio wengi, ambao hatutaendesha ndege kamwe, tuna wajibu wetu. Mara ngapi tumeketi chini ya turubai katika harambee, mgeni amechelewa, nasi tukaanza kunong'ona kwamba ametudharau, na wenye simu wakampigia kumhimiza? Manung'uniko hayo hufika masikioni mwa mkubwa, na kutoka kwake hufika kwa rubani. Wahenga walisema, kawia ufike. Siku tutakapoambiwa kwamba mgeni hakuja kwa sababu ya mawingu, tuchange tulicho nacho, tule chakula kilichopikwa, na tumshukuru rubani aliyekataa.