Klaudi au Diski? Ubishi wa Nyumba Moja ya Galu

Paukwa! Semeni pakawa, hata wewe uliyeshika simu pale kona.

Tuseme kuna nyumba moja Galu, pwani ya Kenya, si mbali na ufuo, ambako kusi ikivuma usiku makuti ya mnazi hupiga bati mpaka watoto wakaamka. Ndani mna laptopu moja ya watu wote. Mna harusi ya shangazi humo, vyeti vya shule, hatimiliki ya shamba, na video chungu nzima za dada mkubwa, ambaye kazi yake ni kupiga picha wageni wanaovutwa na tiara juu ya mawimbi. Tena mna sauti ya marehemu babu akisimulia kwa Kidigo walivyokuwa wakivua kabla ya mahoteli kujaa. Babu hayupo tena. Sauti yake iko hapo tu.

Asubuhi moja laptopu ikagoma kuwaka. Fundi wa Ukunda akaifufua, lakini akaonya kuwa diski ya ndani imechoka na haina siku nyingi. Hapo ndipo ubishi ulipozuka.

“Baba, siku hizi watu hawanunui diski,” akasema dada. “Tutie kila kitu kwenye klaudi, yaishe.”

“Mwanangu, hiyo klaudi nitailipia kila mwezi mpaka lini? Diski nanunua mara moja, naiona kwa macho, naifungia kabatini.”

Nani mkweli? Ngojeni kwanza, msipige kura.

Tuanze na hiyo klaudi, yaani wingu, maana jina lake linadanganya. Halielei popote. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa ndani ya jengo lenye baridi kali na walinzi mlangoni, pengine Nairobi, pengine Afrika Kusini au Ulaya. Picha yako ikitoka Galu kwenda huko nje haipai angani. Inafika Mombasa, inaingia baharini, inasafiri ndani ya waya wenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Waya mmojawapo unaitwa TEAMS. Ulifika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, huko Falme za Kiarabu, ukiwa umelala chini ya bahari kwa karibu kilomita 5,000.

Na waya hukatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja nje ya bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, nanga ikaukata waya huo huo wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 zikakatika nyaya mbili kwa mpigo, EASSy na Seacom, kule karibu na Afrika Kusini. Intaneti ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ikaenda kwa mwendo wa kobe. Faili zilizokuwa kwenye klaudi hazikuungua wala kupotea, ila aliyezihitaji siku hiyo alikaa akitazama kiduara kikizunguka.

Sasa hesabu kidogo, msinikimbie. Faili zote za nyumba ile ni gigabaiti 200. Intaneti yao inapandisha megabiti 5 kwa sekunde, na baiti moja ina biti 8. Kupandisha mzigo wote huo kunachukua saa 89, karibu siku 4 usiku na mchana, umeme usikatike, bando lisiishe. Diski ya kuchomeka, ile inayopokea megabaiti 100 kwa sekunde, inameza mzigo huo huo kwa dakika 33 au 34. Baba akatabasamu aliposikia hivyo.

Asitabasamu sana. Diski ya kabatini ina maadui wake, na Galu wako wengi. Hewa ya chumvi hula vyuma vya kuchomekea. Umeme hukatika ukarudi kwa kishindo. Mwizi akibeba laptopu hasahau diski iliyo kando yake. Mtoto akikwaa waya, diski ikianguka sakafuni huku inazunguka, mwisho wake huo. Kima je? Wanaingia jikoni wakiona dirisha wazi. Sijasikia aliyeondoka na diski, lakini kuapa siapi.

Bibi zetu wa Kidigo waliweka mahindi ya mbegu juu ya uchaga, moshi wa jikoni uwafukuze wadudu. Akili kubwa hiyo. Lakini nyumba ikiungua, na mbegu zimeungua. Diski iliyo chumba kimoja na laptopu ni mbegu za uchagani.

Dada akaanza kucheka. Naye asicheke mno, kwa sababu nina kisa cha Lamu.

Katika Msikiti wa Riyadha kule Lamu kuna hati za kale za Kiarabu, zilizoandikwa kwa mkono. Maadui wa karatasi hizo ni mchwa, unyevu na umri. Basi zikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, London, wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Mpango huo una kanuni ninayoipenda: hati asilia hazitoki katika nchi yao, na nakala za picha hazikai London peke yake, nyingine hubaki huko huko zilikotoka. Wengine wangeona ni kujisumbua bure. Si maktaba kubwa ya London inatosha?

Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni wakaivamia maktaba hiyo. Wakafunga mifumo yake, wakadai fidia. Maktaba ikakataa kulipa, na kwa miezi mingi vitu vyake vingi vya kidijitali havikufikika kupitia mtandao, pamoja na vya mpango huo wa kumbukumbu. Msomi aliyetegemea London peke yake alikwama. Tena hao ni London, wenye wataalamu na bajeti. Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH liliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja wengine wakapoteza data zao moja kwa moja; klaudi yao iligeuka moshi wa kweli.

Kuna mtego mwingine wa klaudi unaonasa watu wengi. Simu nyingi hulinganisha picha tu na mtandao: ukifuta simuni, na kule inafutwa. Picha za Google zilizohifadhiwa hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha basi. Google hutoa gigabaiti 15 bure, lakini akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Na nywila ikiwa kichwani mwa mtu mmoja, siku akiisahau nyumba nzima imefungiwa nje.

Kwa hiyo mie nawaamulia hivi. Baba anunue diski, na inunuliwe kwanza, kwa sababu ndiyo inayoweza kubeba mzigo wote leo hii bila bando. Wanunue mbili wakijaliwa. Moja ikae nyumbani, ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe, maana virusi vya kudai fidia hufunga pia kila diski iliyochomekwa. Ya pili iende kwa shangazi Msambweni, irudi kila baada ya miezi michache kupakiwa mapya. Video za wageni wa tiara zikae humo. Ni nzito, na nyingi wameshapewa wenyewe.

Klaudi iachiwe vile vichache visivyopatikana tena duniani. Sauti ya babu haizidi megabaiti 10; kwa intaneti yao ile ile inapanda kwa sekunde 16. Vyeti, hatimiliki na picha chache za harusi vinaenea kwenye zile gigabaiti za bure bila baba kulipa hata shilingi. Nywila iandikwe kwenye karatasi, ikae na mama, ambaye hapotezi kitu.

Dada alinuna kidogo, kisha akakubali. Baba naye alinuna, kwa sababu ya ile diski ya pili.

Na nyinyi mnaonisikiliza, msingoje laptopu igome. Jumamosi hii chomekeni diski, chagueni picha yoyote, muifungue mbele ya macho yenu. Halafu fungueni nyingine kutoka klaudi, kwa simu ya mtu mwingine. Isipofunguka, nakilini upya siku hiyo hiyo, laptopu ingali inawaka.