Gumegume, chuma na kitambaa: kuwasha moto kwa cheche

Lugha yetu ya pwani imeweka historia ya bunduki katika maneno matatu. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa kamba inayofuka polepole. Ndugu zetu wa Oman wanaijua kwa jina la Abu Fatila, na fatila ndiyo huo utambi. Baadaye ikaja bunduki ya gumegume, ambayo nyundo yake ilibana kipande cha jiwe: ukivuta kifyatuo jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti. Mwisho ikaja ya fataki. Leo vijana hawajui mrao ni nini, fataki wanazijua za sikukuu, na gumegume limebaki kuwa tusi. Mume gumegume, wanasema kina mama, ni mwanamume asiyefaa kwa lolote. Mimi naona jiwe hilo limeonewa. Nataka kueleza namna linavyowasha moto, na namna mtu yeyote anavyoweza kulitumia, akiwa London au akiwa kwenye mchanga wa Sharqiya.

Sababu ya kuandika si mapenzi ya mambo ya kale peke yake. Kila msimu wa kupiga kambi nasikia habari za vijana waliomwaga petroli juu ya kuni kwa sababu kuni zimekataa kushika. Mvuke wa petroli unatambaa chini bila kuonekana, na kiberiti kinapowashwa unalipuka usoni. Aliyejifunza kuulea moto kuanzia cheche hana haja ya petroli, maana ameshajua moto unataka nini.

Ninaishi London, na mji huu umekaa juu ya gumegume. Chini yake kuna tabaka nene la chaki nyeupe, linalojitokeza juu ya ardhi kwenye vilima vya Chilterns upande wa kaskazini-magharibi na North Downs upande wa kusini. Ndani ya chaki hiyo ndimo linamopatikana gumegume, mabonge yenye ganda jeupe na moyo mweusi au wa kijivu kama kioo kizito. Mito ya kale iliyachukua mawe hayo ikayatawanya katika bonde la Thames, na makanisa mengi ya vijijini katika Kent na Hertfordshire yana kuta za gumegume. Ila ukiteremka ufukoni mwa Thames maji yakitoka, usiokote. Pale panatakiwa kibali cha Port of London Authority hata kwa kutafuta tu. Bustani ya jamaa au njia ya kokoto ya shambani inatosha, kwa idhini ya mwenyewe.

Watu wengi wanadhani cheche inatoka kwenye jiwe. Sivyo. Gumegume ni gumu kuliko chuma, na likivunjika linatoa ukingo mkali kama wembe. Ukiparuza chuma juu ya ukingo huo, jiwe linakwangua vipande vidogo mno vya chuma, mfano wa vumbi. Kule kukwanguliwa kunavitia joto, na chuma kikiwa kidogo kiasi hicho kinashika moto chenyewe kinapokutana na hewa. Kwa hiyo kinachowaka ni chuma. Jiwe ni kisu tu. Jiwe la laita tunalonunua dukani ni kinyume chake. Lile si jiwe bali ni mchanganyiko wa madini uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, na hapo linaloungua ni "jiwe" lenyewe, kigurudumu cha chuma ndicho kisu. Ukishaelewa hivi utajua kwa nini kugonganisha gumegume mawili, kama watoto wanavyoona katika filamu, kunatoa mwanga kidogo na harufu lakini moto haupatikani.

Je, kabla ya chuma kuvumbuliwa? Walitumia madini yanayong'aa kama dhahabu, mchanganyiko wa chuma na salfa, ambayo Wagiriki waliyaita pyrites kwa sababu ya moto uliomo ndani yake. Ukiyapiga kwa gumegume yanatoa cheche nyekundu za polepole. Mwezi Desemba 2025 wataalamu wa British Museum walitangaza kwamba huko Barnham, katika jimbo la Suffolk, wamepata udongo uliochomwa, mashoka ya gumegume yaliyopasuka kwa joto na vipande viwili vya madini hayo, mambo ya miaka 400,000 iliyopita. Kabla ya hapo, ushahidi wa zamani kabisa wa watu kuwasha moto wenyewe, si kuuokota penye radi, ulikuwa wa miaka 50,000 tu, kutoka kaskazini ya Ufaransa. Madini hayo hayapatikani kirahisi pale Barnham. Ina maana kuna mtu aliyabeba kutoka mbali akijua anayabebea nini.

Si mbali na Barnham upo mji mdogo wa Brandon, na huu unatuhusu zaidi. Mafundi wa Brandon ndio waliochonga mawe ya bunduki za jeshi la Kiingereza wakati wa vita na Napoleon, na jeshi lilipohamia kwenye fataki, wao waliendelea kuchonga kwa ajili ya soko la Afrika mpaka karne ya 20. Bunduki za serikali zilipigwa mhuri wa neno TOWER, yaani ile ngome ya London ambako watalii leo wanapanga foleni kutazama taji. Zilipochakaa ziliuzwa Afrika kwa wingi.

Nasaba ya jambo hili katika dini ni ndefu. Msomaji Mwislamu atakumbuka Surat Al-Adiyat, farasi wanaotoa cheche kwa kwato zao. Sisi tuliosomeshwa skuli ya misheni tulikutana nalo katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, pale hekalu lilipotakaswa na moto mpya ukapatikana kwa kugonga mawe. Kanuni za zamani za Kanisa Katoliki nazo zilitaka moto wa mkesha wa Pasaka utoke kwenye jiwe.

Na neno kiberiti? Kibriti kwa Kiarabu ni salfa. Kabla ya viberiti vya sasa, kila nyumba ya Ulaya ilikuwa na kopo lenye jiwe, chuma, kitambaa kilichoungua, na njiti zilizochovywa salfa za kuchukulia moto kutoka kwenye kitambaa. Njiti ya kusugua ilianza kuuzwa mwaka 1827 na John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees. Hapa London kiwanda kikubwa kilikuwa cha Bryant & May, mtaa wa Bow, ambako wanawake na wasichana waligoma mwezi Julai 1888. Fosforasi nyeupe waliyofanyia kazi ilikuwa ikiozesha taya za watu. Sheria ya kuipiga marufuku ilipitishwa mwaka 1908 na kuanza kazi 1910. Majengo yale sasa ni fleti za watu wenye fedha.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Unahitaji vitu vinne.

Jiwe tumelisema. Ulivunje kwa nyundo ukiwa umevaa miwani ya kazi na umelifunga kwenye gunia, maana vipande vyake vinakata kama kioo, na jicho halina dukani pa kulinunua. Chagua kipande chenye ukingo mwembamba.

Chuma lazima kiwe cha pua kilicho kigumu. Tupa kuukuu ya fundi ndiyo bora. Ikivunjika, kipande chake cha urefu wa kidole kinatosha, ukishaondoa meno ya upande mmoja kwenye jiwe la kunolea. Msumari haufai, ni laini mno. Kijiko na kisu cha mezani kisichoshika kutu navyo havifai.

Cha tatu ni kitambaa kilichoungua, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Cheche ya chuma ni ndogo na inakufa haraka. Haiwezi kuwasha karatasi wala majani makavu. Inataka kitu kilichokwisha kuwa mkaa. Chukua pamba tupu: kanzu iliyochanika, shuka, kanga ya zamani. Nasema ya zamani kwa makusudi, kwa sababu nyingi za leo zimechanganywa na nailoni, nazo zinayeyuka badala ya kuwa mkaa. Kata vipande vya ukubwa wa stempu kubwa, vitie katika kopo la rangi ya viatu lililosafishwa, toboa tundu moja la msumari juu ya kifuniko, uliweke juu ya jiko. Fanya nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, ondoa kopo, ziba tundu kwa kijiti, na subiri lipoe kabisa. Ukifungua lingali moto hewa inaingia na vyote vinakuwa majivu. Vikiwa tayari ni vyeusi kabisa lakini bado unaona nyuzi.

Asiyetaka kuunguza kitambaa, misitu ya hapa ina uyoga mmoja unaoota juu ya mti wa ash uliokufa, mweusi, wa duara, mgumu kama kipande cha mkaa. Waingereza wanauita keki za Mfalme Alfred kwa kisa cha mfalme aliyeachia keki ziungue. Ukikauka vizuri unashika cheche moja kwa moja na kufuka muda mrefu. Si wa kula.

Cha nne ni kiota cha nyuzi kavu. Sisi tuliozaliwa penye minazi hatuna la kujifunza hapa: makumbi yaliyochambuliwa au kilifu kikavu, hakuna kinachovipita. Maduka ya bustani ya London yanauza nyuzi za makumbi kwa ajili ya vyungu vya maua. Hapa penyewe kuna nyasi kavu na gome la mti wa birch, ambalo lina mafuta na linawaka hata likiwa na unyevu. Chukua lililokwisha kuanguka, usiuchune mti ulio hai.

Sasa shika jiwe kwa mkono wa kushoto, ukingo mkali ukielekea kwenye chuma. Juu ya jiwe weka kipande cha kitambaa, mpaka wake ukaribie ukingo, ukikibana kwa dole gumba. Kwa mkono wa kulia teremsha chuma kwa kuparuza, pembe ya kama nyuzi 30, si kwa kupigilia. Ukisikia mlio wa kokoto umekosea pembe; mlio wa kukwangua ndio wenyewe. Cheche zinaruka juu na moja itatua kwenye kitambaa. Utaona doa jekundu la ukubwa wa ncha ya sindano, nalo linatambaa. Vidole vyangu vya karani, vilivyozoea mihuri na majalada, vilihitaji mchana mzima kupata doa la kwanza. Sasa mara sita au saba zinatosha.

Kifunge kitambaa ndani ya kiota bila kukikandamiza, kiinue juu kidogo ya uso, na upulize pumzi ndefu nyembamba, kama mtu anayepuliza kaa la chetezo. Moshi ukiwa mweupe na mzito, ujue moto uko mlangoni. Ukitoka, weka kiota chini ya vijiti vyembamba kama njiti, kisha vya unene wa penseli, kisha wa kidole. Haraka ya kuweka gogo ndiyo inayoua moto mwingi, na ndiyo inayomfanya mtu akumbuke galoni la petroli.

Wapi pa kufanyia? Katika bustani za kifalme kama Hyde Park na Richmond Park ni marufuku, na vilevile Hampstead Heath na Epping Forest. Gilwell Park, kambi ya skauti iliyo Chingford tangu 1919, ina sehemu maalumu za moto, na watoto wengi wa jamii yetu hapa wanajifunzia huko. Nyumbani, tumia beseni la chuma uani. Na ukiwa na shaka juu ya ukavu wa majani, acha. Tarehe 19 Julai 2022, joto la Uingereza lilipopita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, kijiji cha Wennington pembeni mwa London kilipoteza safu za nyumba kwa moto ulioanzia kwenye nyasi.

Kuzima: mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha pitisha nyuma ya kiganja karibu na jivu. Kukiwa na vuguvugu, rudia. Mchanga peke yake hautoshi. Makaa yanakaa hai chini yake, na mtoto wa kambi ya pili akapita peku.

Na usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata kama baridi ya jangwani usiku inakula mifupa, hata kama mkaa unaonekana umekwisha kufa. Makaa yasiyo na mwali yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, nayo inaua watu wamelala, Ulaya na Ghuba vilevile. Jiko likae nje, watu wajifunike mablanketi.