Paswedi niliweka mimi, aliyefungiwa nje bosi!

Mfukoni mwangu kumekauka. Nimekatwa shilingi 20,000 kwenye mshahara, na nimejitakia mwenyewe. Hebu sogea nikupe mkasa.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kalamu peke yake hailipi kodi ya chumba. Mchana huwa nachapa barua na kutoa kopi za vyeti kwenye steshenari moja huku Manzese, mali ya mama mmoja tunayemwita Bi Mkubwa. Kompyuta ni moja tu, ya mezani, ya mtumba, lakini ndiyo inayolisha nyumba mbili.

Sasa kulikuwa na vijana wa jirani, kila jioni wanabembeleza ufunguo wa duka waangalie muvi mpaka usiku wa manane. Nikasema hawa nitawakomesha. Nikawasha mashine, nikabonyeza Delete mfululizo kabla Windows haijaamka, nikaingia kwenye ile programu ndogo ya kuamshia kompyuta, mafundi wanaiita bayosi. Nikaweka paswedi ya kuwashia. Ukiwasha tu, inakuuliza neno. Huna neno, huendi kokote. Nilijiona profesa!

Kosa langu? Sikumwambia Bi Mkubwa. Asubuhi nawasha mimi, jioni nazima mimi, yeye atajuaje?

Alhamisi moja walikuja kina mama wa kikundi cha wauza chakula. Walikuwa wanaomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Katiba yao niliishachapa nikaihifadhi, nilikuwa namalizia orodha ya wanachama. Mwisho wa kuwasilisha ni kesho yake. Mara simu ikaita: babu amefariki, Korogwe. Nikailaza mashine bila kuizima, orodha ikiwa wazi, nikaenda kufunga begi. Alfajiri nikapanda basi. Njiani simu ikaisha chaji.

Usiku ule umeme ulikatika. Asubuhi Bi Mkubwa anabonyeza kitufe, skrini nyeusi inadai paswedi. Akajaribu jina langu. Akajaribu Simba. Akajaribu Yanga. Wapi! Kina mama nao hao mlangoni, wamevaa vitenge vya sare.

Akaitwa fundi. Akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kasha, akang'oa betri ya duara kama sarafu, inaitwa CR2032, ya volti 3. Akaagiza chai, akanywa, akairudisha. Paswedi yangu kwisha habari! Kumbe betri ile ndiyo inayotunza saa, na kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani inatunza mipangilio ya bayosi na paswedi yake pia.

Lakini saa nayo ilirudi nyuma miaka kibao. Walipotaka kufungua barua pepe, mtandao ukagoma, eti tovuti si salama. Si uchawi. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa mashine yako ikiamini ni mwaka wa zamani, vyeti vyote inaviona feki. Fundi akarekebisha tarehe, mambo yakaenda.

Orodha je? Imeyeyuka. Mashine iliyolala inashikilia kazi yako kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme. Umeme ukienda, na kazi imekwenda. Mweka hazina akasimama kusoma majina, binti wa Bi Mkubwa akachapa kwa vidole viwili. Walifika ofisini zimebaki dakika kumi pafungwe. Mkopo wa watu ulitaka kupotea kwa sababu ya ujanja wangu!

Niliporudi, Bi Mkubwa alinipa pole ya msiba kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, ulifunga mlango ukaondoka na ufunguo. Na fundi kapita dirishani, chai haijapoa. Sasa ulimzuia nani?"

Nilikosa jibu. Ndiyo maana nakuandikia.

Paswedi ya bayosi inazuia wadokozi, haitunzi siri. Mtu akichomoa diski akaifunga kwenye mashine nyingine, mafaili anayasoma, labda uwe umeyafumba kwa programu kama BitLocker. Na usidhani ujanja wa betri unafanya kazi kila mahali: laptop nyingi huitunza paswedi hiyo kwenye chipu, ukiisahau utalia. Kwa duka kama letu, kila mtu awe na akaunti na paswedi yake ya Windows. Paswedi kuu iandikwe, itiwe kwenye bahasha, apewe mwenye mali.

Kabla ya kuilaza mashine, bonyeza Ctrl na S, kazi ihifadhiwe. Kama unaondoka kabisa, izime, au chagua ule usingizi mzito unaoandika kila kitu kwenye diski kwanza.

Kwenye bayosi kuna mstari unaouliza mashine ifanye nini umeme ukirudi. Mimi nimechagua ibaki imezimwa. Umeme wetu unaweza kurudi kwa kishindo na kukatika tena papo hapo, acha utulie, utaiwasha mwenyewe.

Na ukiona kila asubuhi saa imerudi nyuma, usigombane na Windows. Nunua betri mpya.

Bahasha yetu sasa iko kabatini kwa Bi Mkubwa, chini ya kanga zake. Na wale vijana wa muvi? Siku hizi wanaangalia kwenye simu zao, hata habari na mimi hawana!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.