BARABARA IKIJENGWA, SAA ZA MFANYA KAZI ZISIPOTEE

Hapana mwananchi mwenye nia njema atakayelalamika kwa sababu barabara inajengwa. Barabara ni mshipa wa Taifa: ndiyo ipitishayo mchele wa mkulima, mgonjwa aendaye hospitali, na mfanya kazi aendaye kiwandani. Lakini liko jambo moja ambalo sharti lisemwe waziwazi. Barabara hujengwa kwa ajili ya watu, na watu hawaachi kula, kuugua wala kwenda kazini kwa miaka miwili au mitatu ati wanamngojea mkandarasi amalize kazi yake. Tutajenga, hilo halina ubishi. Lakini gharama ya kungojea ailipe nani?

Na tuutazame mji wa Dar es Salaam. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta mjini humu watu 270,000 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Mji ukuao kwa kadiri hiyo hauwezi kukaa bila kuchimbwa. Barabara ya Morogoro ilichimbwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kazi Mei 2016. Ikafuata TAZARA, ambako Daraja la Mfugale lilifunguliwa Septemba 2018. Kisha Ubungo, ambako barabara za juu za Kijazi zilifunguliwa Februari 2021. Barabara za Kilwa, Nyerere na Bagamoyo nazo zikapata zamu zao. Kila moja ya kazi hizi ni ya maana. Lakini kila moja, kabla ya kuleta faida, ilileta vumbi, matope na foleni.

Dereva wa daladala hudaiwa na tajiri wake hesabu ya siku, na hesabu hiyo haipungui kwa kuwa greda limesimama katikati ya njia. Akienda safari nne badala ya saba, upungufu ni wake na wa konda wake. Kibarua achelewaye kufika langoni hukuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Mama anunuaye samaki Feri alfajiri hufika sokoni kwake jua limekwisha kuwaharibu. Hasara hizi hazimo katika vitabu vya mkandarasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na saa za wafanya kazi ni mali ya Taifa isiyokuwa na daftari.

Daftari hilo sasa laweza kuandikwa. Siku hizi mafundi wa nchi nyingi hutega vihisi pembeni mwa barabara inayojengwa, yaani rada ndogo na kamera zenye kuhesabu magari na kupima mwendo wake. Zile nyaya za kuhesabu magari zifukiwazo chini ya lami huharibika pindi barabara ichimbwapo, wakati ule ule zinapohitajiwa zaidi. Lakini vyombo hivi hubebeka, huweza kutumia umeme wa jua, na huhamishwa kila kazi inaposogea.

Habari ikusanywayo hufanya kazi tatu. Kwanza, huonya. Foleni ikianza kurefuka, ubao wa taa uliowekwa nyuma kabisa humwambia dereva apunguze mwendo, asije akalivamia lori lililosimama. Huko Texas, Marekani, mbao za namna hiyo zilitumiwa wakati wa kupanuliwa barabara kuu ya I-35. Pili, huongoza. Taa za makutano huongeza au kupunguza muda wa kijani kwa kufuata wingi wa magari yaliyopo saa ile. Mji wa Sydney, Australia, umekuwa na mpango wa namna hiyo, uitwao SCATS, tangu miaka ya 1970. Tatu, hutoa ushahidi. Ikijulikana ni saa zipi barabara huwa na magari machache, mkandarasi aweza kuamriwa afunge njia usiku na kuifungua kabla ya mapambazuko.

Ushahidi huo ndio uletao haki. Mjini London, tangu mwaka 2012, achimbaye barabara zenye shughuli nyingi katika saa za msongamano hutozwa ada ya kuikalia njia. Mpango ulipoanza, ada hiyo iliweza kufika pauni 2,500 kwa siku. Afanyaye kazi saa zisizo na magari mengi huiepuka. Huko saa ya mwananchi imepewa bei, na mchimbaji aijua bei hiyo kabla hajashika sururu.

Wako watakaosema ya kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Jirani zetu wa Nairobi wamekwisha kuwajibu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, wakaandika njia na vituo, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya matatu za mji ule. Hapa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora mitaa ya kata zinazofurika. Vijana tunao, simu tunazo, na ujuzi umo nchini.

Hata hivyo tusidanganyike. Kompyuta haizibi shimo. Njia ya mchepuko yenye madimbwi haitatengenea kwa kuonyeshwa kwenye simu. Itatengenea kwa kifusi na kushindiliwa. Tumeonywa tusiache mbachao kwa msala upitao: njia ya zamani isifungwe kabla ya njia ya muda kuwa tayari. Wala habari isiwe ya wenye simu za thamani peke yao. Mamantilie wa Mbagala na dereva wa bajaji waipate kwa redio, kwa ujumbe wa simu ya kawaida, na kwa ubao ulioandikwa kwa Kiswahili kituoni. Na askari wa usalama barabarani ashirikiane na mitambo, maana taa ikisema hivi na mkono wa askari ukisema vile, hesabu yote ya mtambo huharibika.

Basi yatupasa kudai mambo matatu. Vyombo hivi na kazi yake viandikwe katika mkataba kabla ya jembe la kwanza kupigwa, pamoja na adhabu ya kuchelewesha watu. Habari zikusanywazo ziwe mali ya umma, zihesabu magari bila kuwapeleleza wenyewe. Na kabla ya njia kufungwa, madereva, makonda na wafanya biashara wa pale waitwe wasikilizwe, kwani wao wajua vichochoro ambavyo hakuna rada iliyopata kuviona.

Tulipojitawala tuliitana kwa mwito wa Uhuru na Kazi. Atokaye nyumbani saa kumi za alfajiri ili awahi kazini ameitikia mwito huo kwa upande wake. Wapangao ujenzi wa barabara nao na wauitikie kwa upande wao, kwa kumhesabia saa zake kama wanavyohesabu mifuko ya saruji.