Rubani Aliyeipiga Kigoma kwa Mabomu

Mtu akishuka kutoka kwetu Nyabibuye, akapita Kibondo na Kasulu hadi Kigoma, hakosi kusikia habari za meli Liemba. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1916 kijana mmoja alitumwa kuizamisha meli hiyo kutoka angani. Jina lake Aimé Behaeghe. Yafaa tumjue, maana habari zake zatuonyesha vita vilikuwaje katika nchi hii.

Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Kachtem, Ubelgiji. Zamani hizo eropleni ilikuwa kitu kigeni, na kuirusha kulihesabiwa kuwa mchezo wa vijana hodari. Walishindana nani ataruka juu zaidi au mbali zaidi, na watu wakakusanyika kuwatazama kama sisi tutazamavyo mpira. Behaeghe alikuwa miongoni mwa Wabelgiji wa kwanza kuujua ufundi huo. Vita vilipoanza mwaka 1914, mchezo ukageuka silaha.

Wakati huo Wajerumani walitawala upande wetu wa Ziwa Tanganyika, na Wabelgiji upande wa Kongo. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 hivi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Iliposhushwa majini mwaka 1915, Wabelgiji hawakuwa na chombo cha kushindana nayo. Basi Waingereza wakawapa eropleni nne za aina ya Short, zenye maboya badala ya magurudumu ili zitue majini.

Hizo nazo zilipitia Kongo zikiwa vipande, kwa mto na kwa reli. Kwa kuwa mawimbi ya ziwa ni makali, ziliwekwa katika kiziwa cha Tungwe, karibu na pwani ya ziwa kubwa. Hata hapo palikuwa na shida. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari, na jua lake ni kali. Hewa ya mahali palipoinuka tena penye joto huwa nyepesi: mabawa hayapati hewa ya kutosha kuyainua, na injini hupungukiwa nguvu. Eropleni iliyopaa kwa urahisi Ulaya, hapa ilijikokota majini kwa taabu.

Hata hivyo, tarehe 10 Juni 1916, Behaeghe alivuka ziwa pamoja na mwenzake Collignon, wakaangusha mabomu bandarini Kigoma. Wabelgiji waliamini kuwa meli imepigwa, lakini haikuzama. Mwishoni mwa Julai, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia kwa nchi kavu, Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini zake grisi nyingi zisiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Behaeghe hakuyaona hayo. Alikufa Niemba, Kongo, mwezi wa Desemba 1916, umri wake miaka 26. Hakupigwa risasi, wala hakuanguka na eropleni. Aliuawa na maradhi. Katika vita vya Afrika Mashariki maradhi yaliua watu wengi kuliko bunduki. Wapagazi wa jeshi la Waingereza peke yao waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa.

Rubani na wapagazi waliuawa na adui mmoja. Lakini rubani jina lake limo vitabuni, na wapagazi wengi hawakuandikwa popote. Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, mwendapo likizo waulizeni wazee: je, katika ukoo wetu yuko aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita, akaenda asirudi? Likipatikana jina, liandikeni, pamoja na kijiji chake na kabila la wazazi wake, mlilete shuleni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?