Zulia la kijani kwenye tangi la samaki: Chagua mmea unaovumilia maji ya Dar

UKIINGIA saluni, hoteli ndogo au sebule ya mtu huko Mbezi Beach, Tegeta au Kijichi, si ajabu kukuta tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Zamani chini ya tangi hilo uliwekwa mchanga wa rangi ya bluu na ua la plastiki, na kazi ikaisha. Leo mteja anamwonyesha fundi picha kwenye simu: mmea mfupi uliotanda sakafu nzima ya tangi kama zulia, na samaki wakipita juu yake. Anataka kama huo. Fundi asipoweza, kazi inakwenda kwa mwingine.

Tatizo ni kwamba mimea mingi ya kwenye picha hizo hukuzwa katika vyumba vyenye ubaridi, umeme wa uhakika na mtungi wa hewa ya ukaa unaofanya kazi kila siku. Unaopendwa zaidi ni ule wa kutoka Kuba, ambao wataalamu huuita Hemianthus callitrichoides. Majani yake ni madogo kuliko punje ya mchele, na ukistawi hupendeza kweli. Lakini unadai mwanga mkali na gesi hiyo, na ukikosa huanza kunyauka na kuelea vipande vipande, huku mwani ukichukua nafasi yake.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuujaribu akiwa amepanga Temeke. Kwa kuwa mtungi ulikuwa ghali, nilitumia njia ya chupa: maji, sukari na hamira, na mpira mwembamba wa kupeleka gesi kwenye tangi. Ilikuwa Februari, na kwa joto lile hamira ilichachuka kuliko nilivyotegemea. Usiku umeme ukakatika, pampu ya hewa ikasimama. Chupa haikusimama. Asubuhi samaki 11 kati ya 14 walikuwa wanaelea, na zulia lenyewe halikufika mwezi wa pili.

Kilichotokea kinaeleweka kirahisi. Gizani mmea hautengenezi oksijeni, bali unaivuta kama samaki anavyoivuta. Isitoshe, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kushika takriban miligramu 9, lakini ya nyuzi 30 hushika kama saba na nusu tu. Tangi la Dar kuanzia Novemba hadi Machi hukaa karibu na nyuzi 30 bila kuwashiwa kitu chochote. Na kuhusu umeme, waliopitia mgawo wa 2006, wa 2011 na ule ulioanza 2022 hadi mwanzoni mwa 2024 hawahitaji maelezo.

Kwa hiyo swali la kwanza si mmea upi mzuri, bali una maji gani. Maji ya bomba yanayotoka mitambo ya Ruvu yana klorini, hivyo yakae kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kutumika. Visima vingi vya pwani ni habari nyingine: maji yana chumvi na chokaa. Yaonje. Ukisikia chumvi mdomoni, mmea nao utaisikia. Kuyachanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua husaidia.

Kwa mwenye kisima cha namna hiyo, chaguo langu la kwanza ni sagitaria ndogo (Sagittaria subulata). Asili yake ni pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kwenye midomo ya mito ambako maji matamu hukutana na ya bahari, kwa hiyo chumvi kidogo haiitishi. Haidai gesi. Hutoa vitawi vinavyotambaa kama ukoka, na kila baada ya hatua kidogo hutokeza mche mpya. Kasoro yake ni urefu, kwani huweza kupita sentimita 20, hasa taa ikiwa hafifu, na hapo inakuwa majani ya malisho badala ya zulia. Taa ya LED ya kawaida iliyo karibu na maji, saa saba au nane kwa siku, inatosha kuizuia isirefuke ovyo.

Wa pili ni kriptokorine, jamii ya mimea ya Asia. Ile ndogo iitwayo parva, ya Sri Lanka, kwa kawaida haizidi sentimita 10, na haiitaji kupunguzwa mara kwa mara. Ila ni mvivu kweli, usishangae ikichukua mwaka kufunika sakafu. Jambo la kuangalia ni wiki za kwanza: mimea ya jamii hii ikihamishwa, majani huweza kuyeyuka yakawa kama mlenda. Wanunuzi wengi hudhani umekufa, wakang'oa na kurudi dukani kwa hasira. Usiung'oe. Mizizi ikiwa hai, majani mapya yatatoka.

Wa tatu ni masilea, wenye jani la vipande vinne. Ndugu zake huota wenyewe hapa nchini, kando ya madimbwi na kwenye majaruba ya mpunga, na kuna watakaoona hiyo ni bidhaa ya bure. Tahadhari: konokono wa sehemu hizo ndio wanaoweza kubeba vimelea vya kichocho, na huenda shamba limepuliziwa dawa. Usiingie majini miguu mitupu, na mmea wowote wa huko uoshwe, ukaguliwe, ukae peke yake kwenye ndoo wiki tatu kabla ya kukutana na samaki.

Samaki nao wana maoni yao. Wale wa mawe wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna hufukua na kula mimea, na goldfish si bora sana kwao. Mwenye samaki hao asipoteze fedha kwa zulia.

Mchanga wa ujenzi unafaa ukioshwa hadi maji yatoke meupe. Kwanza udondoshee siki: ukitoa povu una chokaa ya makombe, achana nao. Chini weka udongo wa bustani usio na samadi, unene wa sentimita moja, kisha mchanga sentimita nne. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30, miche 32 ikipandwa minne minne katika mistari minane inatosha kuanzia.

Hapa ndipo fundi anapoweza kupata faida. Masilea na kriptokorine hukua vizuri nje ya maji, kwenye besheni la mchanga wenye unyevu lililofunikwa nailoni na kuwekwa kivulini. Wakulima wa mimea hii huko Denmark hufanya hivyo hivyo. Mweleze tu mteja kwamba majani ya hewani yatakufa yakizamishwa, mengine yatakuja. Anayetaka kuagiza mbegu kutoka nje aanzie kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kuomba kibali, kabla ya kutuma fedha.

Ukipunguza zulia, vipande visitupwe mtaroni wala Mto Kizinga. Gugumaji lililovamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 nalo ni la Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake. Vianike juani hadi vikauke kabisa, kisha vitie kwenye mboji.